Usajili wa Julai kwenye magongo ya barafu: klabu yako ililamba dume au garasa? Tupeane uzoefu

Mzee wa Scarborough (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Najua humu wengi ni watu wa Simba na Yanga, na Julai yenu inaishia uwanja wa ndege mkimpokea straika wa kigeni kwa ngoma na matarumbeta. Lakini tupo wachache tuliotupwa na maisha kwenye nchi za baridi tukaokota ugonjwa wa magongo ya barafu. Na sisi tuna Julai yetu. Dirisha la NHL, ligi kuu ya mchezo huu ya Marekani na Canada, linafunguliwa tarehe 1 Julai saa 6 mchana wa Toronto, sawa na saa 1 usiku wa Dar, na ndani ya saa tatu za kwanza hela inayomwagika inatosha kujenga barabara.

Naanza mimi ili msione aibu.

Nimeingia Toronto 2011, zamu ya usiku kwenye ghala. Wenzangu wote ni Maple Leafs damu, klabu ya Toronto. Msimu wa kwanza sikuelewa chochote. Kile kisahani wanachokimbiza hata sikukiona kwenye runinga, nikawa nashangilia baada ya kuona wengine wanashangilia. Kufika Mei 2013 nilikuwa mgonjwa kamili. Mchezo wa saba Boston, tunaongoza 4-1 kipindi cha tatu, tukafungwa 5-4 muda wa nyongeza. Nilirudi kazini usiku ule, msimamizi akatuangalia tu, hakutuuliza kwa nini mizigo haitembei.

Sasa mtu akiwa kwenye msiba wa namna ile, mwuzie chochote atanunua. Tarehe 5 Julai klabu ikamsajili David Clarkson kutoka New Jersey. Mtoto wa hapahapa Toronto, mbabe, msimu wa 2011-12 alikuwa amefunga magoli 30. Miaka 7, dola milioni 36.75. Akachagua namba 71, yaani 17 ya Wendel Clark iliyogeuzwa, mkongwe ambaye alimhusudu tangu utotoni. Mimi nikaona hii ni ishara ya mbinguni. Nikaenda kununua jezi, na jina mgongoni nikalipia zaidi. Mke wangu aliuliza bei nikamdanganya.

Msimu haujaanza hata, mechi ya kirafiki na Buffalo, ugomvi ukazuka, ndugu yangu akaruka kutoka benchi kuingia ulingoni. Kanuni iko wazi: ukitoka benchi kwenda kupigana, mechi 10 nje. Aliporudi akacheza mechi 60 akafunga magoli 5. Matano! Februari 2015 tukambadilisha na Nathan Horton wa Columbus, ambaye mgongo wake ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hakuna aliyetarajia acheze tena. Yaani tulitoa mtu anayecheza vibaya tukachukua mtu asiyeweza kucheza kabisa, na jiji zima likashangilia. Ndiyo maana nasema mchezo huu ni ugonjwa.

Na haikuishia hapo. 2019 mkataba uleule wa Clarkson, mwenyewe akiwa ameshaacha kucheza kwa majeraha, ulirudi Toronto kama karatasi kutoka Vegas. Nitaeleza chini kwa nini klabu inaweza kutaka karatasi ya mtu asiyecheza.

Haya, zamu yenu. Usajili uliokuuma au uliokutoa machozi ya furaha. Hadithi yako, si takwimu za kunakili.

Mnazi wa Msimbazi

Nimeingia nikidhani ni uzi wa usajili wa Simba. Lakini mechi 60 magoli 5 kwa dola milioni 36? Nabaki kusoma.

Mkuu tueleweshe kwanza, huko wanauzianaje wachezaji?

Mzee wa Scarborough

Hawauziani. Hapo ndipo utamu ulipo. Hakuna ada ya uhamisho kama soka. Klabu zinabadilishana mtu kwa mtu, au mtu kwa zamu za kuchagua chipukizi miaka ijayo. Mchezaji akimaliza mkataba akiwa na umri wa miaka 27 au zaidi, au ameshatumikia misimu 7, anakuwa huru kabisa na anaenda anakotaka bila klabu yake ya zamani kupata hata shilingi.

Halafu kuna ukomo wa mishahara. Msimu mzima wa 2004-05 ulifutwa kwa mgomo wa wenye klabu kwa sababu ya jambo hilo. Waliporudi, kila klabu ikapewa ukomo wa dola milioni 39 kwa mwaka. Msimu wa 2025-26 ulifika milioni 95.5. Tajiri hata awe na visima vya mafuta hawezi kuvuka. Kwa hiyo garasa mmoja wa miaka 7 hakuli hela ya bosi tu, anakula nafasi ya mtu mwingine ambaye ungemsajili. Ila mchezaji akiwa majeruhi wa muda mrefu, klabu inaruhusiwa kuvuka ukomo kufidia mshahara wake, na hapo ndipo mkataba wa Clarkson ulipopata thamani ambayo miguu yake haikuwahi kuwa nayo kwetu.

Msimamo wangu ni huu na wakuu mnirushie mawe: Julai unalipia jana. Mtu amefika soko huru ana miaka 28, 29. Magoli yaliyompandisha bei ameshafunga, tena kwa klabu nyingine.

Mhasibu wa Minneapolis

Mzee, kwa garasa moja la miaka 7 unalia? Njoo Minnesota nikuonyeshe miaka 13.

Tarehe 4 Julai 2012, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Zach Parise na Ryan Suter, siku moja, klabu moja, kila mmoja miaka 13 na dola milioni 98. Parise ni mtoto wa Minnesota. Tulikuwa Wakenya kama ishirini hivi, tunachoma mbuzi, na jamaa mmoja ambaye hajawahi hata kutazama mechi akasimama juu ya kiti akapiga makofi kwa sababu jirani zetu wote walikuwa wanapiga honi.

Sasa mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu. Nikauliza mezani, hawa watu wana miaka 27, ukijumlisha 13 unapata 40, nani anakimbia barafuni na miaka 40? Nikaambiwa nisiharibu sherehe.

Julai 2021 wakavunjiwa mikataba wote wawili siku moja, kama walivyokuja. Na kuvunja mkataba huku si bure. Klabu inalipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ikigawanywa kwa muda mara mbili ya miaka iliyobaki. Lakini mikataba ile ya zamani ilipikwa, mshahara mwingi umewekwa mwanzoni, kwa hiyo adhabu kwenye ukomo ikaja nzito kuliko walivyozoea wengine. Misimu ya 2023-24 na 2024-25, zaidi ya dola milioni 14.7 kila msimu zilikaa kwenye hesabu za klabu yetu, Wild, kwa ajili ya watu wawili waliokuwa wanacheza kwingine au wameshaacha kucheza. Hiyo ni mishahara ya nyota mmoja na nusu. Katika miaka yao yote tisa pamoja hatukuvuka raundi ya pili ya mtoano.

Na bado! Salio dogo linaendelea hadi 2029. Kijana wangu alizaliwa mwaka ule wa mbuzi. Atakuwa anaendesha gari na Wild bado wanamlipa Parise.

Mzee wa Scarborough

😂😂 Atakuwa anaendesha gari! Mhasibu, kwa hili umenifariji mno.

Dereva wa Usiku

Salamu kutoka barabara kuu namba 75. Nimepaki, nina saa kumi za mapumziko za lazima, kwa hiyo nitaandika.

Mzee, hoja yako ya kulipia jana naijia kwa jina moja tu: Sergei Bobrovsky.

Nilikuwa naishi Sunrise, Florida, karibu na ule uwanja. Mahali penyewe ni pa ajabu, ukitoka maegesho ukaenda magharibi kidogo unakutana na bwawa la mamba, halafu ndani kuna barafu. Tiketi zilikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyekwenda. Rafiki yangu wa kazini akanipeleka, nikaona watu wanarusha panya wa plastiki uwanjani baada ya mechi, desturi yao tangu msimu wa 1995-96. Nikasema hawa ndio watu wangu.

Tarehe 1 Julai 2019 wakamleta Bobrovsky. Kipa bora wa ligi mara mbili, 2013 na 2017, ana miaka 30. Miaka 7, dola milioni 70. Kipa! Milioni 10 kwa mwaka! Msimu wa kwanza akawa anafungwa magoli mpaka ya bahati mbaya. Na Juni ileile, siku chache kabla ya kumsajili, klabu ilikuwa imemchagua chipukizi kipa, Spencer Knight, raundi ya kwanza. Mtoano wa 2021 mtu wa milioni 10 akaishia benchi, mtoto anadaka. Kila kijiwe cha madereva nikitaja Panthers, klabu yetu ya Florida, naulizwa, "Yule kipa wenu wa mamilioni anaendeleaje?" Nikawa nasema mimi ni shabiki wa mpira wa kikapu.

2023 mtoano umeanza, benchi tena. Akarudi katikati ya mechi za Boston, klabu iliyokuwa imevunja rekodi ya ushindi msimu ule. Tukawatoa. Tukawatoa na nyinyi Toronto kwa mechi tano, pole Mzee. Tukafungwa fainali. Mwaka uliofuata tukarudi fainali na Edmonton, tukaongoza 3-0, wakasawazisha 3-3. Mchezo wa saba, tarehe 24 Juni 2024, nilikuwa Georgia na mzigo wa matunda. Nikapaki kituo cha mafuta nikasikiliza redioni. 2-1. Dakika za mwisho sikumsikia mtangazaji, nilikuwa nimeweka paji la uso kwenye usukani. Mlinzi akaja kugonga kioo akidhani nimezimia.

Halafu 2025 tena. Kombe mbili. Sasa niambie hiyo milioni 70 ilikuwa garasa?

Mzee wa Scarborough

Huyohuyo kipa ndiye aliyetutoa 2025 mchezo wa saba nyumbani kwetu 6-1. Sitaki kumzungumzia.

Lakini sawa, nakubali kwa shingo upande. Kipa ana hesabu zake. Ila tazama, miaka minne ya kwanza mlikuwa mnamficha kwa aibu. Umemhesabia kombe ukasahau kijiwe.

Dereva wa Usiku

Kijiwe hakina parade Mzee.

Wa Boston tangu 2004

Zdeno Chara. Tarehe 1 Julai 2006. Miaka 5, dola milioni 37.5. Nahodha tangu siku ya kwanza, kombe 2011. Nimemaliza.

Mzee wa Scarborough

Na Ottawa walikuwa na pesa ya kumbakiza mmoja kati ya Chara na Wade Redden, wakambakiza Redden. Hiyo nayo ni hadithi ya Julai, ila ni ya jirani.

Dada wa Calgary

Kaka zangu, mnaandika kuhusu waliokuja. Mimi nitaandika kuhusu aliyeondoka.

Nahudumia wazee majumbani. Mwaka 2022 nilikuwa na babu mmoja, miaka themanini na kitu, mkewe alishatangulia. Kila siku ya mechi ya Flames, klabu ya Calgary, sharti nimsogeze kiti karibu na runinga, nimpe chai, nikae kimya. Mimi nilikuwa sijui mchezo, nilijua tu namba 13, mdogo wa umbo kuliko wote, ambaye babu akimwona anaanza kupumua vizuri. Johnny Gaudreau. Alikuwa na kalenda ya klabu ukutani jikoni, na picha ya kijana huyo ilikuwa mwezi mmojawapo.

Tarehe 15 Mei, mchezo wa saba na Dallas. Kipa wao aliokoa 64, nimeambiwa baadaye, mimi nilikuwa naona tu kila tukipiga mtu yupo. Muda wa nyongeza Gaudreau akafunga. Babu alilia. Nikamfuta uso na kitambaa cha jikoni kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Kuanzia usiku ule nikawa shabiki.

Tukatolewa na Edmonton raundi iliyofuata, basi. Julai ikaja. Mkataba wake umeisha, kamaliza msimu na pointi 115 (magoli na pasi za magoli), klabu inataka abaki, jiji zima linataka abaki. Usiku wa kuamkia siku ya dirisha ikatangazwa haongezi mkataba. Anataka kwenda mashariki karibu na kwao New Jersey. Sawa, watu wakasema atakwenda New York, atakwenda Philadelphia, tutaelewa. Kesho yake akasaini Columbus! Miaka 7, dola milioni 68.25. Columbus, Ohio. Hakuna aliyekuwa ameitaja.

Mjini watu walitukana. Kazini, kwenye basi, watu walichanganyikiwa kama wameachwa na mume. Babu hakusema neno. Aliniomba tu nigeuze ile kalenda mwezi unaofuata. Mwezi ulikuwa haujaisha.

Wiki hazijapita, Matthew Tkachuk naye akasema hatasaini mkataba mrefu, tukambadilisha na Florida (Dereva, hongera). Akaja Jonathan Huberdeau, naye alikuwa ametoka na pointi 115, zilezile! Tukaona Mungu ametufidia pointi kwa pointi. Agosti, hajacheza hata mechi moja kwetu, akapewa miaka 8 na dola milioni 84. Msimu wa kwanza akapata pointi 55. Mimi sijawahi kumzomea, lazima niseme hivyo. Ukimwangalia anacheza unaona mtu aliyehamishiwa nyumba ambayo hakuichagua.

Babu alifariki majira ya baridi yaliyofuata.

Agosti 2024 nikaamka asubuhi nikakuta ujumbe kwenye kundi letu la wahudumu. Gaudreau na mdogo wake Matthew wamegongwa na gari wakiwa kwenye baiskeli huko New Jersey, usiku mmoja kabla ya harusi ya dada yao. Ana miaka 31. Amekufa nyumbani, kule kule alikotaka awe karibu nako.

Nilikwenda Saddledome, uwanja wa Flames, baada ya kazi. Ngazi zote zimejaa maua, magongo, kofia, michoro ya watoto. Wale wale waliotukana 2022 wamesimama mstari kuweka maua. Na mimi niliweka. Sikuwa na jezi, nikaweka kitambaa.

Sina hoja ya ukomo wa mishahara. Hii ndiyo Julai yangu.

Mzee wa Scarborough

Dada yangu. Asante.

Nikae kimya kidogo wengine waendelee.

Mnazi wa Msimbazi

Nilikuja kucheka. Pole sana dada.

Mrundi wa Nashville

Baada ya hiyo naona haya kuleta yangu, lakini ndiyo kazi ya uzi.

Tarehe 1 Julai 2024, Nashville tulifanya sherehe siku moja. Steven Stamkos, nahodha wa Tampa, magoli 555 na kombe mbili, akaja kwa miaka 4 dola milioni 32. Jonathan Marchessault, mchezaji bora wa mtoano wa 2023. Brady Skjei beki. Ndani ya mchana mmoja zaidi ya dola milioni mia zimesainiwa. Nafanya kazi jikoni hotelini, mpishi mkuu alitoka nje kupiga kelele barabarani. Wachambuzi wote wakasema Nashville imeshinda majira ya kiangazi.

Majira ya kiangazi hayana kombe. Tukafungwa mechi tano za kwanza mfululizo. Nikasema watazoeana. Krismasi ikafika nikasema watazoeana. Machi nikaacha kusema. Tulimaliza na pointi 68, karibu na mkia wa ligi nzima.

Kosa nililoliona mimi mpishi: walinunua nyama nzuri tatu wakasahau kwamba hakuna wa kukata vitunguu. Stamkos anafunga akisimama mahali pake kushoto, anapiga mara moja bila kutuliza. Tampa kulikuwa na watu wa kumpelekea kisahani pale. Kwetu alisimama pale pale, kisahani hakikufika. Wanaosema kazeeka, sawa, lakini magoli 27 alifunga. Watu walimsajili mtu wakafikiri wamesajili na pasi zake.

Namba Tisa Nairobi

Niaje wakuu. Mimi ni wa hapahapa nyumbani, sijawahi kuishi baridi. Nacheza pale Panari, Mombasa Road, kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha hotelini. Wanaocheza wanakijua, ukipiga kasi kidogo umefika ukutani. Hao wenzetu wa Ice Lions, timu ya Kenya, ndio walioalikwa Canada 2018 wakacheza na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na tangu Septemba 2024 Kenya ni mwanachama wa shirikisho la dunia. Kwa hiyo msitucheke.

Mimi ni Oilers, klabu ya Edmonton, kwa sababu ya nyota wao McDavid. Na usajili ulioniumiza si wa Julai, ni wa Agosti. Mnajua barua ya posa? Huku NHL ipo. Kijana ambaye mkataba umeisha lakini hajafika umri wa kuwa huru, klabu nyingine inaweza kumwandikia posa. Klabu yake ina siku 7: ilipe mshahara ule ule abaki, au imwachie ipokee mahari, ambayo ni zamu za kuchagua chipukizi kulingana na ukubwa wa mshahara. Watu wanaogopa kuandika kwa sababu ni uchokozi.

Tarehe 13 Agosti 2024 St. Louis wakaandika posa mbili asubuhi moja kwa Edmonton. Philip Broberg, dola milioni 4.58 kwa mwaka. Dylan Holloway, milioni 2.29. Sisi tumetoka fainali wiki chache tu, ukomo umejaa mpaka shingoni kwa sababu Julai tulishajaza wakongwe. Siku 7 nimekaa na kikokotoo kama mimi ndiye meneja. Tarehe 20 wakaachia wote wawili. Mahari, zamu moja ya raundi ya pili na moja ya raundi ya tatu. Holloway huko St. Louis akapiga pointi 63. Sisi tukarudi fainali 2025 tukafungwa tena na watu wa Dereva.

Mzee, kwa hiyo mimi naongezea kwenye hoja yako. Julai unalipia jana, halafu Agosti mtu anakuja kuchukua kesho yako kwa sababu hela umeshamaliza.

Mzee wa Scarborough

Hii nimeipenda, naiiba.

Posa tamu kuliko zote ni ya Montreal na Carolina. 2019 Montreal walimposa Sebastian Aho, Carolina wakalipa akabaki. Miaka miwili wakakaa kimya. Agosti 2021 Carolina wakamposa Jesperi Kotkaniemi wa Montreal kwa dola milioni 6.1, na ndani ya mkataba wakaweka bonasi ya kusaini ya dola 20. Ishirini tu, namba ya jezi ya Aho! Watu wazima na suti zao.

Mwana wa Bukavu

Jambo bandugu. Winnipeg hapa, kwenye baridi ambayo nyinyi wa Toronto mnaiona kwenye picha.

Kwetu Julai ni mwezi wa kukataliwa. Wachezaji wana vifungu vya kuchagua klabu ambazo hawataki kupelekwa, na kila mtu anajua jina letu liko kwenye orodha nyingi. Msimu wa 2024-25 Jets tulimaliza wa kwanza ligi nzima, pointi 116. Nikasema safari hii watakuja wenyewe. Badala yake Nikolaj Ehlers, tuliyemlea tangu 2014, akaenda Carolina kwa dola milioni 51 miaka 6. Simlaumu. Mke wangu naye kila Januari anauliza kama Carolina kuna kazi.

Lakini Julai hiyo hiyo Jonathan Toews akarudi nyumbani. Mtoto wa hapa, nahodha wa Chicago, kombe tatu, misimu miwili hajacheza kwa ugonjwa, miaka 37. Mwaka mmoja, dola milioni 2. Yeye anaongea Kifaransa, na siku ile redio ya Saint-Boniface iliwashwa nyumba nzima, mama yangu ambaye hajui kisahani ni nini akasikiliza mahojiano mwanzo mpaka mwisho. Akaniuliza, "Huyu kijana alikuwa wapi?" Nikamwambia Chicago, mama. Akasema, "Basi amerudi kwa mama yake."

Mtaniambia miaka 37 ni kulipia jana. Ndiyo. Kwa milioni 2 nalipia jana mara mia.

Mhasibu wa Minneapolis

Kwa milioni 2 hata mimi naidhinisha.

Mzee wa Scarborough

Wakuu, kwa sababu ya Mwana wa Bukavu inabidi niseme ya pili, ambayo nilitaka kuificha.

Tarehe 1 Julai 2018, joto kali, tuko bustanini na nyama choma, watu wa Tanga, wa Mbeya, watoto wanakimbia na bendera za Canada. Simu ikalia, John Tavares kasaini Leafs. Miaka 7, dola milioni 77. Akaweka mtandaoni picha yake ya utotoni amelala kwenye shuka za Maple Leafs. Nikaangusha koleo la nyama. Nahodha wa Islanders ya New York, mchezaji wa juu kabisa sokoni, amekataa wote arudi nyumbani.

New York walipompata Februari 2019 wakamrushia nyoka wa plastiki na wakatufunga 6-1. Wao walipita raundi yao ya kwanza mwaka ule, sisi hatukupita. Halafu korona ikaja, ukomo ukaganda kwenye milioni 81.5, na karibu nusu yake yote ilikuwa kwa watu wanne, yeye mmojawapo. Tulimzomea kwa mshahara ambao tuliupigia makofi sisi wenyewe. Mimi pia.

Aprili 2023, Tampa, muda wa nyongeza, ni yeye aliyefunga goli lililotupitisha raundi ya kwanza tangu 2004. Miaka 19. Na Juni 2025 mkataba ulipoisha, badala ya kusubiri Julai aende kuvuna kwingine, akasaini tena miaka 4 kwa milioni 4.38 tu kwa mwaka. Wiki hiyo hiyo Mitch Marner akaenda Vegas kwa milioni 12 kwa mwaka.

Sijui nimweke wapi, dume au garasa. Mhasibu atasema garasa.

Mhasibu wa Minneapolis

Milioni 77 kwa raundi mbili tu? Vitabu vyangu viko wazi. Ila hiyo ya shuka siwezi kuiandika mahali popote.

Namba Tisa Nairobi

Mzee, swali nje ya mada. Ile jezi ya Clarkson bado unayo? Huku tunachezea jezi yoyote, hatuchagui jina.

Mzee wa Scarborough

Ipo. Huwa naivaa nikitoka kusukuma theluji mlangoni, juu ya koti. Ni kubwa, XL, kiwiko cha kushoto kimechanika kidogo.

Namba Tisa Nairobi

Kiwiko tunashona. Kipa wetu ana mwili.

Mzee wa Scarborough

Shemeji yangu anasafiri kuja Nairobi Desemba. Njoo inboksi unipe namba. Na umwambie huyo kipa, asitoke benchi kwenda kupigana.